Mashine ikikataa kidole cha mpiga kura, sheria inasema nini?

Mleta mada:

Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu.

Mijadala yetu kuhusu utambuzi wa wapiga kura kwa bayometriki, yaani alama za vidole, sura au mboni ya jicho, huishia mara nyingi kwenye gharama za vifaa na hofu ya kuchakachuliwa. Hayo ni mambo ya msingi, lakini leo naomba tujadili jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo linaloamua kama teknolojia hii itamlinda mwananchi au itampokonya haki yake. Mtu ameandikishwa kihalali, amefika kituoni kwa wakati, amepanga foleni, kisha anapoweka kidole mashine inasema haimtambui. Nini kinafuata? Nani anaamua, kwa kanuni ipi, na uamuzi wake unaandikwa wapi ili uweze kukaguliwa baadaye?

Kwanza tutenganishe kazi mbili ambazo huchanganywa. Kazi moja hufanyika wakati wa uandikishaji na baada yake: alama za kila aliyeandikishwa hulinganishwa na za wengine wote ili kuwabaini waliojiandikisha zaidi ya mara moja. Nyingine hufanyika siku ya kura: alama za mtu aliyesimama mbele ya karani hulinganishwa na zile zilizohifadhiwa kwa jina lake. Nchi inaweza kuchukua ya kwanza na kuiacha ya pili. Tanzania ilifanya hivyo mwaka 2015, Tume ya Taifa ya Uchaguzi ilipoandikisha wapiga kura kwa mfumo wa BVR, yaani uandikishaji wa wapiga kura kwa bayometriki. Vidole vilichukuliwa wakati wa kuandikisha, lakini siku ya kura karani alitumia daftari lililochapishwa lenye picha, pamoja na kadi ya mpiga kura na wino usiofutika. Kenya, Ghana na Nigeria zilivuka hatua hiyo, zikaiweka mashine mezani kwa karani.

Kazi ile ya kwanza haionekani na wananchi, ila kihesabu ndiyo nzito zaidi. Daftari lenye watu milioni 20 lina takriban jozi trilioni 200 za kulinganishwa. Hata mfumo ukikosea mara moja tu katika kila ulinganishaji bilioni moja, utatoa jozi 200,000 za watu wasiohusiana ambao unadhani ni mtu mmoja. Ndiyo maana huchukuliwa vidole kadhaa badala ya kimoja, na ndiyo maana kila jozi inayotiliwa shaka inapaswa kupitiwa na binadamu kabla jina la mtu halijafutwa. Kazi hii inahitaji muda, na ratiba za kisiasa mara nyingi hazitoi muda huo. Nchini Tanzania, kura ya maoni kuhusu Katiba Inayopendekezwa, iliyopangwa kufanyika tarehe 30 Aprili 2015, iliahirishwa kwa sababu uandikishaji wa BVR haukuwa umekamilika. Somaliland nayo ilikwisha kuandaa daftari la alama za vidole na picha kabla ya uchaguzi wa 2010, likashindwa kuwakamata wengi waliojiandikisha mara kwa mara. Ikalazimika kuanza upya kwa mboni za macho, na daftari hilo jipya ndilo lililotumika kumchagua rais tarehe 13 Novemba 2017.

Sasa tuingie kituoni. Wengi wetu tunaamini kwamba mashine inajua. Ukweli ni kwamba mashine inakadiria. Inalinganisha mahali ambapo mistari ya kidole inagawanyika au kukatika, inatoa alama za ulinganifu, kisha inazipima kwa kiwango ambacho mtu fulani alikiweka. Kiwango kikipandishwa, mlaghai atapata taabu kupita, lakini na watu halali wengi zaidi watakataliwa. Kikishushwa, foleni itakwenda haraka, lakini mtu anaweza kupita kwa jina la mwenzake. Hakuna kiwango kinachoondoa makosa ya aina zote mbili kwa pamoja. Huu ni uamuzi kuhusu haki ya kupiga kura, na inanisikitisha kwamba kwa kawaida unabaki mikononi mwa fundi wa kampuni iliyouza vifaa, bila kujadiliwa bungeni wala kutangazwa kwa vyama.

Wanaokataliwa hawapatikani kwa bahati nasibu tu. Mistari ya vidole huliwa na saruji, jembe, kamba za nyavu, sabuni ya kufulia na umri. Kwa hiyo mashine inapokataa, mara nyingi inamkataa mwashi, mkulima, mvuvi, dobi na bibi kizee, wakati mtu wa ofisini anapita mara moja. Tusipoandaa utaratibu kwa ajili yao, tutakuwa tumeweka sharti la kupiga kura linalowaumiza zaidi wanaofanya kazi kwa mikono, na hakuna sheria ya nchi yoyote ninayoifahamu iliyokusudia hivyo.

Chukueni mfano wa Kenya, ambako kanuni zinaweka ukomo wa wapiga kura 700 kwa kituo kimoja. Mashine ikishindwa kuwatambua asilimia 2 tu, ambayo fundi yeyote ataiona kuwa kazi nzuri, hao ni watu 14 katika kila kituo. Vituo hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 11 jioni, yaani dakika 660. Wote wakijitokeza, kila mmoja ana chini ya dakika moja. Aliyekataliwa akirudiarudia kidole kwa dakika nne, anatumia muda wa wenzake walio nyuma yake. Sheria inawaruhusu walio kwenye foleni wakati wa kufunga wapige kura, ni kweli, lakini mama mwenye mtoto mgongoni atakuwa ameshaondoka.

Mambo haya yamekwisha kutokea. Nchini Nigeria, tarehe 28 Machi 2015, Rais Goodluck Jonathan mwenyewe alikwenda kituoni kwake Otuoke na mashine ya kusoma kadi ikashindwa kuthibitisha vidole vyake mbele ya kamera za televisheni. Aliruhusiwa kwa utaratibu wa mkono. Vifaa vilisumbua katika maeneo mengi siku hiyo, na tume ikaruhusu uhakiki wa mkono pale ambapo mashine ziligoma. Kesi zilizofuata ndizo zenye somo kubwa, kwa sababu mwaka 2016 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilisema kwamba mashine ile haikuwa na nguvu ya kisheria ya kulishinda daftari la wapiga kura. Tume ilikuwa imeweka masharti ya kiteknolojia ambayo sheria yenyewe haikuyataja. Sheria ya Uchaguzi ya 2022 ilikuja kuziba pengo hilo: ilikitambua kifaa, na ikaeleza nini kifanyike kikiharibika na kikakosekana kingine, ikiwa ni pamoja na kufuta uchaguzi wa kituo hicho na kuurudia ndani ya saa 24 endapo kura zake zinaweza kubadili matokeo.

Ghana ilichagua msimamo mkali tangu mwanzo. Katika uchaguzi wa tarehe 7 Desemba 2012 kanuni ilikuwa kwamba asiyethibitishwa na mashine hapigi kura. Mashine zilipoharibika, baadhi ya vituo vililazimika kuendelea na upigaji kura siku iliyofuata, na madai kwamba kuna waliopiga kura bila kuthibitishwa yakawa sehemu kubwa ya kesi ya kupinga matokeo ya urais, ambayo Mahakama ya Juu iliitupa tarehe 29 Agosti 2013.

Afghanistan ilikwenda mbali zaidi. Katika uchaguzi wa rais wa tarehe 28 Septemba 2019, kura ambazo hazikuambatana na uthibitisho wa bayometriki hazikuhesabiwa. Waliojiandikisha walikuwa takriban milioni 9.6, na kura zilizokubaliwa mwishoni hazikuzidi milioni 2. Usalama mdogo ulichangia sana idadi hiyo kuwa ndogo, lakini mabishano kuhusu kura zipi zina uthibitisho na zipi hazina yaliburuta matokeo hadi Februari 2020. Aidha, sharti la kupigwa picha usoni liliwazuia baadhi ya wanawake katika maeneo yenye mila kali. Hawa walikuwa raia halali. Kosa lao lilikuwa kutotaka kufunua nyuso mbele ya mtu wasiyemfahamu.

Kenya ndiyo iliyoandika utaratibu kwa undani kuliko nchi nyingi, na iliufikia baada ya maumivu. Tarehe 4 Machi 2013, vifaa vya kutambua wapiga kura vilizimika katika vituo vingi. Betri ziliisha, madarasa hayakuwa na umeme, na makarani wengine hawakuweza kuingia kwenye mfumo. Walirudi kwenye sajili iliyochapishwa bila utaratibu unaoeleweka na wote. Kwa mfumo wa KIEMS, yaani mfumo wa kielektroniki wa kusimamia uchaguzi ulioanza kutumika 2017, ngazi zikawekwa. Kidole kikikataa, karani anatafuta taarifa za mtu kwa namba ya kitambulisho, msimamizi wa kituo anajaza Fomu 32A mbele ya mawakala wa vyama na wagombea, ndipo mtu anaruhusiwa kupiga kura. Sajili iliyochapishwa inabaki kwa ajili ya kifaa kilichokufa kabisa. Hata hivyo, Agosti 2022 mahakama ziliingizwa kwenye mzozo wa sajili hiyo siku chache kabla ya uchaguzi, na siku yenyewe ya tarehe 9 ikabidi sajili hiyo iruhusiwe katika baadhi ya vituo vya Kakamega na Makueni ambako vifaa viligoma. Kumbe hata utaratibu ulioandikwa vizuri unaweza kuyumba ukibishaniwa dakika za mwisho.

Naweka hoja yangu wazi: tusiupime mfumo wa bayometriki kwa idadi ya watu unaowatambua, bali kwa namna unavyomtendea yule asiyetambulika. Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza:

Ndugu mleta mada, nimekusoma kwa makini na nakuheshimu, lakini nina wasiwasi kwamba unafungua mlango uleule tulioununulia kufuli. Tulifika kwenye mashine kwa sababu daftari la karatasi lilitumika vibaya. Tume ya Jaji Johann Kriegler, iliyochunguza uchaguzi wa Kenya wa 2007, ilikuta sajili ina majina ya marehemu zaidi ya milioni moja, na ikasema wazi kwamba haikuwa rahisi kujua nani hasa alishinda. Ukimwambia msimamizi wa kituo kwamba mashine ikikataa atumie karatasi, katika ngome ya chama fulani ambako wakala wa upinzani amefukuzwa au amenunuliwa, mashine "itakataa" tangu asubuhi hadi jioni. Mimi niko tayari watu 14 wakose kura kuliko marehemu 300 wapige.

Mleta mada:

Nashukuru kwa hoja nzito, na hatari unayoitaja ipo kweli. Ila sikubaliani na biashara hiyo ya 14 kwa 300, kwa sababu haitulazimu kuchagua.

Faida kubwa ya mashine mezani, ambayo kwa maoni yangu haitajwi vya kutosha, ni kwamba inahesabu. Kila anayetambuliwa huacha kumbukumbu yenye saa na dakika. Jioni tunaweza kuchukua idadi ya waliotambuliwa kwa kidole, tukaongeza waliotambuliwa kwa sura au kwa namba, tukaongeza walioruhusiwa kwa fomu, na jumla hiyo ikawa dari ambayo kura sandukuni hazipaswi kuipita. Kituo ambacho wapiga kura wengi wameingia kwa fomu kitajitokeza chenyewe kati ya vituo vya jirani, na saa zilizoandikwa zitaonyesha kama fomu zilijazwa kwa kufuatana na foleni au zilijazwa zote kwa mkupuo jioni. Ukimnyima msimamizi mlango huo halali, hutazuia udanganyifu. Utaufanya uingie bila kuandikwa.

Sharti ni kwamba hesabu hiyo iwe moja na itoke kwenye kifaa chenyewe. Kesi ya ugavana wa Jimbo la Osun, Nigeria, inafundisha. Uchaguzi ulifanyika Julai 2022, na Januari 2023 baraza la kesi za uchaguzi lilimvua ushindi Ademola Adeleke kwa madai kwamba kura zilizidi idadi ya waliothibitishwa na mashine za BVAS, yaani vifaa vya bayometriki vya kuthibitisha wapiga kura nchini humo. Ugomvi ulihusu ripoti mbili za tume hiyohiyo zenye takwimu tofauti, moja ikiwa imetolewa kabla taarifa za mashine zote hazijafika kwenye seva. Mahakama ya Rufani ikamrudishia ushindi, na Mei 2023 Mahakama ya Juu ikauthibitisha. Walalamikaji walikuwa wameegemea ripoti ya seva bila kuleta mashine zenyewe ziangaliwe. Kama takwimu za kila kifaa zingesomwa kwa sauti kituoni, zikasainiwa na mawakala na kubandikwa mlangoni kabla kifaa hakijaondoka, kesi hiyo isingekuwa na mahali pa kuanzia.

Naomba pia tusiitwishe mashine ya utambuzi mzigo usio wake. Mwaka 2017 vifaa vya Kenya viliwatambua wapiga kura vizuri kuliko 2013, na bado tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu ilifuta matokeo ya urais kwa sababu ya kasoro ambazo sehemu kubwa zilihusu namna matokeo yalivyotumwa na kujumlishwa, huku tume ikishindwa kufungua seva zake kama ilivyoamriwa. Waliopanga foleni walikuwa watu halisi, lakini hilo halikutosha kuuokoa uchaguzi.

Mchangiaji wa pili:

Nimewahi kuwa karani wa kituo, na naomba niongeze kile ambacho hakionekani kwenye ripoti. Mzee anafika, anaweka kidole gumba, taa inakuwa nyekundu. Unamwomba afute kidole kwa kitambaa, anaweka tena, nyekundu. Unajaribu cha shahada, kisha mkono wa pili. Anaanza kutetemeka kwa aibu, kwa sababu nyuma yake watu wameanza kunong'ona kwamba huenda kadi si yake. Wakala mmoja anasema aruhusiwe kwa kuwa wote wanamfahamu, mwingine anasema asiruhusiwe, na msimamizi anapekua kitabu cha mwongozo ambacho hakikueleza ujaribu mara ngapi kabla ya kukata tamaa. Mafunzo yetu yalitufundisha kuwasha kifaa na kukizima. Hakuna aliyetufundisha maneno ya kumwambia yule mzee.

Nina swali pia. Tunafanyaje kuhusu wale ambao hata wakati wa kuandikishwa hawakuwa na alama za kuchukuliwa, wakiwemo waliopoteza vidole au mikono?

Mleta mada:

Ndugu yangu, umesema jambo ambalo nilipaswa kulianza nalo. Idadi ya majaribio iwekwe kwenye kanuni, iwe ndogo, na baada ya hapo mtu apishe foleni aende kwenye meza ya pembeni, ahudumiwe na karani mwingine. Hilo linaokoa muda na linamwondolea mzee fedheha ya kusimama mbele za watu kama mtuhumiwa. Kwenye mafunzo, nusu ya muda itengwe kwa mambo yanayoharibika, kwa sababu kifaa kinachofanya kazi hakihitaji maelekezo mengi.

Kuhusu wasio na alama, jibu liko kwenye daftari. Anayeandikishwa bila kidole kinachosomeka awekewe alama maalumu pembeni mwa jina lake, pamoja na sababu na picha nzuri, ili siku ya kura karani asimjaribu kabisa. Bila hivyo tunapata hali iliyoikumba Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kabla ya uchaguzi wa Desemba 2018. Ukaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nchi Zinazotumia Kifaransa ulibaini kwamba zaidi ya asilimia 16 ya walioandikishwa, katika daftari la watu zaidi ya milioni 40, hawakuwa na alama za vidole. Upinzani uliwaita wapiga kura hewa, na tume ilisisitiza kwamba ni watu halisi. Mamilioni ya majina yakabaki yananing'inia katikati, kwa kuwa daftari lenyewe halikuweza kusema nani alikosa alama kwa sababu ya ulemavu, nani kwa sababu ya kifaa kibovu, na nani hakuwahi kuwepo.

Mchangiaji wa tatu:

Huku kwetu watu wengi wanaogopa kwamba mashine ikishajua kidole chako, inajua pia umempigia nani. Je, kuna ukweli wowote?

Mleta mada:

Kifaa cha utambuzi kinajua kwamba ulifika na saa uliyofika. Karatasi ya kura inakwenda sandukuni bila jina wala kidole, kwa hiyo kwa utaratibu wa kawaida viwili hivyo havikutani. Hatari ingekuwepo iwapo karatasi zingetolewa kwa mfuatano wa namba na namba hizo kuandikwa pembeni mwa majina, maana hapo mwenye kumbukumbu za saa angeweza kuoanisha. Mawakala walinde hilo.

Hofu yenye msingi zaidi inahusu kinachotokea baada ya uchaguzi. Nywila ikiibiwa inabadilishwa, kidole hakibadilishwi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, lakini sheria hizo zitatusaidia tu tukiuliza maswali mahususi kabla mkataba haujasainiwa: alama zetu zinahifadhiwa katika nchi gani, kampuni ikibadilishwa nakala zake zinafutwa mbele ya nani, na polisi wakizitaka wanahitaji amri ya mahakama au barua tu.

Nikirudi kwenye mada, napendekeza tukusanye kanuni za nchi mbalimbali kuhusu hatua hii moja ya mpiga kura asiyetambuliwa. Mwenye nakala ya mwongozo wa makarani wa nchi yake aiweke hapa, hasa ukurasa unaotaja idadi ya majaribio, fomu inayojazwa, wanaosaini, na mahali fomu hiyo inapopelekwa baada ya kura kuhesabiwa. Mimi nitaanza na Kenya kwa kuweka kanuni inayohusu Fomu 32A, kisha tuzilinganishe kifungu kwa kifungu.